A yenye mkia: kijitabu cha shemeji yangu kilivyochapwa Rwagasore

Nianze na bei ya duka lililotuchapia kijitabu cha kumbukumbu, maana najua wengi mtasoma hapo kisha mfunge. Vijitabu 80 vya kurasa 16, kavala la karatasi nene inayong'aa, ndani karatasi ya kawaida yenye picha za rangi: shilingi 3,000 kimoja. Picha moja kwenye fremu ya mbao: 35,000. Bango la kuning'iniza uwani: 40,000. Jumla 315,000. Wakanipunguzia 15,000 bila mimi kuomba, na mimi nauza dagaa Mwaloni Kirumba, kuombwa na kuomba kupunguziwa ndiyo kazi yangu ya kila siku. Nilishtuka kidogo.

Duka liko mtaa wa Rwagasore, hapa Mwanza mjini. Usitafute jina, hakuna. Kuna kibao cha bati kimeandikwa PICHA – KADI – FREMU na rangi imeanza kumenyeka. Unaingia uchochoro ulio kati ya duka la vipuri vya pikipiki na duka la vitenge, unapanda ngazi za zege, mlango wa pili kushoto. Ukisikia mashine inalia kama kinu cha kusaga mahindi, umefika. Ndani utamkuta mama mwenye duka, kakaa dirishani na daftari lake la mahesabu, na kijana mmoja wa kompyuta. Huyo kijana ndiye aliyenifanya niandike haya.

Tulikuwa tunaandaa ibada ya kumbukumbu ya shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa. Alifariki Mei 2020 huko kwao Arizona, Marekani. Jina lake sitalitaja hapa. Kwao, kwa desturi ya wazee, mtu akishazikwa jina lake linaachwa lipumzike, halitajwitajwi. Vijana wao wa leo wanatangaza misiba magazetini kama sisi, lakini mama yake alikuwa wa zamani, na dada yangu akasema tufuate ya mama. Kwenye kijitabu jina liko mara moja, ukurasa wa kwanza. Kurasa nyingine zote ni "baba yetu", "mume wangu", "shemeji".

Alikuwa Mnavajo. Najua mtasema Mhindi Mwekundu. Mwaka 2009, alipokuja mara ya kwanza, mzee mmoja kanisani kwetu Nyakato alimwuliza, "Na manyoya ya kichwani yako wapi?" Dada akatafsiri kwa aibu. Shemeji akajibu kwamba ameyaacha uwanja wa ndege, mzigo ulizidi kilo. Mzee yule akampenda kuanzia siku ile. Wenyewe wanajiita Diné, maana yake watu. Watu tu, basi.

Sasa, kabla ya Rwagasore nilikwenda duka jingine, kubwa, lenye kiyoyozi na msichana wa mapokezi. Silitaji. Niliwapelekea maandishi ambayo dada ameyaandika vizuri kwenye kompyuta yake, wakaniambia rudi kesho. Kesho yake wakanipa nakala ya kuangalia, na pale palipotakiwa kuwa na ukoo wa shemeji pamejaa viboksi. Viboksi vitupu, kama madirisha ya nyumba isiyoisha. Nikawauliza hivi ni nini. Dada wa mapokezi akasema, "Hizo herufi hazipo, mama. Tuziondoe?" Nikasema ndizo za muhimu. Akasema basi tuandike kwa herufi za kawaida, nani atajua? Nikachukua flashi yangu nikaondoka. Malipo ya awali, shilingi 50,000, mpaka leo tunazungushana.

Nilipofika kwa hawa wa Rwagasore sikuwa na imani. Nilichomeka flashi, kijana akafungua, akakaa kimya akisogeza uso karibu na kioo. Halafu akauliza, "Mama, hii a ina mkia, au ni uchafu wa skana?"

Jamani. Kuuliza tu. Nilitaka kumkumbatia.

Nikampigia dada, nikaweka sauti kubwa, akamweleza. Neno lenyewe ni Tábąąhá. Hizo a mbili za katikati zina mkia mdogo chini, maana yake sauti inapitia puani. Zenye kialama juu, sauti inapanda. Ukitoa mkia, ukitoa alama, umeandika neno jingine au hukuandika kitu. Kijana akasema, "Kumbe ni kama ng' yetu, mtu akiandika ng bila kile kidude anakuwa ameharibu ng'ombe." Huyu kijana ni Mkerewe. Nilimtania kwamba kwa mara ya kwanza nimemsikia Mkerewe akisema la maana, akanijibu nisubiri bei.

Ilimchukua karibu saa mbili kupata fonti yenye herufi zote. Iliyomtesa zaidi si a yenye mkia. Ni i ya mwisho kwenye neno nishłį́, yaani "mimi ni". Hiyo i ina mkia chini na alama juu kwa wakati mmoja, na kabla yake kuna l iliyokatwa tumbo. Fonti ya kwanza ilikuwa na mkia bila alama. Ya pili ikaweka alama pembeni kama kofia iliyopeperushwa na upepo. Ya tatu ikakubali. Akapiga kofi moja, mama mwenye duka akainua kichwa kwenye daftari, akasema, "Imekubali?" kana kwamba ni mtoto wake aliyefaulu darasa la saba.

Wakati fonti zinashuka, intaneti ikijikokota, nilimsimulia mambo aliyokuwa akitusimulia shemeji. Kwamba watoto wa Kinavajo walipelekwa shule za bweni za serikali, wakawa wanaadhibiwa wakisema lugha yao. Halafu ikaja Vita ya Pili ya Dunia, na mwaka 1942 serikali hiyohiyo ya Marekani ikachukua vijana 29 wa Kinavajo watunge maneno ya siri ya kijeshi kwa lugha hiyohiyo, ili Wajapani wakisikiliza redio wasielewe kitu. Baadaye wakaongezwa mamia. Kijana akasema, "Kwa hizi i zao, hata mimi nisingeelewa."

Niwaeleze kwa nini nilikuwa king'ang'anizi namna ile. Mnavajo akijitambulisha hasemi kazi yake, hasemi anakaa wapi. Anasema koo zake nne. Kwanza ukoo wa mama, huo ndio wake hasa, maana kwao mtoto ni wa upande wa mama. Kisha ukoo wa baba, kisha wa babu mzaa mama, kisha wa babu mzaa baba. Ukishasikia hizo nne unajua kama huyu ni ndugu yako, kama unaweza kumwoa, na umwite nani. Shemeji kwa mama ni Tábąąhá, watu wa ukingo wa maji. Kwa baba ni Áshįįhí, watu wa chumvi. Babu mzaa mama, Tódích'íi'nii, watu wa maji machungu. Babu mzaa baba, Kinyaa'áanii, watu wa nyumba ndefu. Sasa niambie, duka la kiyoyozi linataka nimzike shemeji yangu kwenye viboksi vinne?

Watu wa ukingo wa maji. Dada alipotuambia hilo mara ya kwanza baba yangu alicheka, akasema, "Basi huyu alipotea njia tu, ni wa hapahapa."

Lakini kwao maji hayapo. Nchi yao, ile wanayoitawala wenyewe, imeingia kwenye majimbo matatu, Arizona, New Mexico na Utah, na ina kilomita za mraba kama 71,000. Ziwa letu lote, la Tanzania, la Uganda na la Kenya ukijumlisha, ni kama 68,800. Shemeji alipenda sana hesabu hii. Alisema ukilikausha Ziwa Victoria lote, ukalijaza mchanga mwekundu na kondoo, umefika kwao. Huko kaya nyingi hazina bomba, watu wanajaza matangi kwenye gari na kusafiri nayo maili kadhaa. Yeye alikuwa fundi wa pampu za visima. Siku za kazi anatengeneza pampu, Jumamosi anawapelekea maji mama zake wadogo na wazee wasio na gari, bila malipo, na watoto wake wawili wakiwa wamekaa mbele.

Siku moja tulimtembeza Mabatini. Mnakujua kule, nyumba zimepandana juu ya mawe, na kina mama wanapandisha ndoo za maji kwa miguu. Ukisimama juu unaliona ziwa linametameta. Akasimama muda mrefu. Akaniuliza, "Shemeji, hawa wanaliona ziwa?" Nikamwambia wanaliona kila siku. Hakusema kitu. Akamwendea bibi mmoja, akamwomba ndoo, akaiweka begani badala ya kichwani, ikamwagika nusu mgongoni. Watoto wa mtaa mzima walimfuata wakicheka hadi mlangoni kwa yule bibi. Akashuka kuchota ya pili kufidia.

Huyo ndiye mtu niliyekuwa nampelekea kijana wa Rwagasore amtengeneze.

Kuhusu mahari nisiseme sana, ila hili lazima mlijue, maana liko ukurasa wa 6 na kijana alilisoma akacheka peke yake. Baba alitaka ng'ombe 15. Wakati wa maongezi shemeji akaeleza kuwa kwao ni wafugaji pia, wa kondoo na mbuzi, na kwamba miaka ya 1930 serikali ya Marekani ilisema mifugo imezidi na ardhi inamomonyoka, ikawapunguzia kwa lazima. Wengine walipigwa risasi wakaachwa waoze mabondeni. Bibi yake alikuwa msichana, aliwasikia mbuzi wake. Baba alinyamaza. Kisha akaeleza yeye naye jinsi Mwingereza, baada ya vita, alivyosema hivyohivyo hapa Usukumani, ng'ombe wamezidi, kila mwaka lazima upunguze, na baba yake alivyowaficha porini. Wakaongea mpaka chai ikapoa, dada akitafsiri huku anafuta macho. Mwishowe baba akasema ng'ombe 12. Mama mdogo hajamsamehe mpaka leo kwa wale watatu.

Sasa nirudi kwenye kazi, maana kuna picha.

Picha ya kavala ilipigwa kwangu mwaka 2014 kwa simu ya batani zilizofutika. Dada alikuja kujifungulia uzazi wa pili hapa, mtoto wa kiume. Shemeji akachukua likizo akaja. Mtoto alipokaribia miezi mitatu, shemeji akaanza kututahadharisha: yeyote atakayemchekesha kwa mara ya kwanza, kicheko chenyewe cha sauti, ndiye atakayeandaa karamu. Kwao ndivyo. Na mtu huyo, wanasema, mtoto atachukua tabia zake za ukarimu. Wote tukawa tunamkwepa mtoto kama deni. Mimi nilikuwa nachambua dagaa uwani, nikapiga chafya ya vumbi la dagaa, mtoto akaangua kicheko. Shemeji alitoka ndani mbio akinionyesha kidole.

Nikapika. Sato wa nazi, ugali, michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa) kwa karanga, na maandazi ambayo shemeji alisema ni ya bibi yake kabisa, maana nao wana mkate wao wa kukaanga. Kisha ikaja chumvi. Desturi ni kwamba mtoto ndiye anayempa kila mgeni chumvi, ile ya mawe, ili ajifunze kutoa kabla hajajifunza kushika. Nilichukua ya mawe kutoka kwa jirani yangu sokoni anayetengeneza kayabo, samaki wa kukausha kwa chumvi. Shemeji, mtu wa ukoo wa chumvi kwa baba yake, alikaa kwenye mkeka, mtoto mapajani, akaushika ule mkono mdogo ndani ya mkono wake mkubwa wenye grisi isiyotoka, wakawa wanatia chembe ya chumvi kwenye sahani ya kila mtu. Wageni 40 na kitu. Hakuruka hata mmoja, hata mtoto wa jirani aliyepita mara mbili.

Ndiyo picha hiyo. Ndogo, ina giza, na kidole changu kimetokea kona ya juu. Tulitaka iwe kavala na iwe pia picha kubwa ya fremu. Hapa kijana alifanya jambo ambalo maduka mengi hayafanyi. Alisema, "Kwa kavala itatosha. Kwenye fremu ya ukubwa huo itavunjikavunjika vidoti, mtasikitika. Nipeni nyingine." Angeweza kunyamaza akachukua hela. Tukampa ile aliyopigwa mbele ya Mwamba wa Bismarck, kavaa kofia yake nyeusi ya ukingo mpana, mikono mfukoni. Alisema Mwanza ni mji pekee aliofika ambao mawe yake hayakumpa upweke, kwa sababu makao makuu yao kule, Window Rock, yamepewa jina la jabali lenye tundu katikati.

Lakini hapohapo ndipo kosa lao kubwa lilipotokea, na nyota moja ninayowanyima ni ya hili. Nilipokwenda kuangalia ile picha ya fremu, shemeji alikuwa mweupe! Kasafishwa uso, mikunjo imefutwa, mashavu yanang'aa kama ya bwana harusi. Dada aliitazama, akasema polepole, "Huyu si mume wangu. Mume wangu alipigwa na jua miaka 48." Kijana akaona aibu, akasema wateja wengi wanapenda hivyo, kwa hiyo anafanya bila kuuliza. Huyu aliyeuliza kuhusu mkia wa a! Nikamwambia mwanangu, kama uliuliza mkia wa herufi, uso wa mtu ungeuliza mara mbili. Akairudisha kama ilivyokuwa, na mikunjo ya macho yote, na kovu la kidevuni alilolipata kwenye pampu. Hawakututoza. Ila ukienda, sema mapema: usisafishe uso.

Mengine madogo. Waliahidi Alhamisi saa nne asubuhi, tukapata Ijumaa saa saba mchana kwa sababu umeme ulikatika na jenereta ni la jengo zima, wenye saluni wakaligombania. Ibada ilikuwa Jumamosi, kwa hiyo usiku ule sikulala vizuri. Nakala sita zilikuwa na ukurasa wa 9 nyuma ya wa 10. Nilizigundua mimi, si wao, wakazibadilisha hapohapo. Kiti cha mteja ni kimoja, kigoda. Hawana huduma ya kuleta mzigo, nilibeba kwa bodaboda nimekumbatia fremu kama mtoto mgonjwa.

Bango lilikuwa zuri, rangi haikupauka ingawa lilipigwa na jua siku nzima. Sina zaidi kuhusu bango.

Kilichoandikwa ndani tulikipanga na dada usiku, mezani, yeye akisema mimi nikiandika. Nilidhani ataanza na elimu na kazi kama wasifu wote tunaosomewa misibani. Akaanza na barabara. Dada ni muuguzi. Miaka 11 ya ndoa, zamu za usiku shemeji alimpeleka na kumfuata mwenyewe, barabara ya vumbi inayogeuka tope kukiwa na theluji. Alikataa katakata aendeshe peke yake usiku. Asubuhi anamkuta nje ya hospitali, gari limewashwa lipate joto, na chupa ya chai ya maziwa yenye tangawizi aliyojifunza kuichemsha kwa mama yetu. Tangawizi ilikuwa nyingi mno siku zote. Dada hakuwahi kumwambia.

Na kwamba alimsuka binti yake. Asubuhi za shule, dada akiwa amelala baada ya zamu, yeye ndiye aliyemchana na kumfunga nywele kisogoni kwa uzi mweupe wa sufu, kama wanawake wa kwao wanavyofunga. Siku nyingine alijaribu mabutu ya Kiswahili kwa kuangalia picha niliyomtumia WhatsApp. Binti alikwenda shule na mabutu matatu, la nne lilimshinda.

Alivyokufa tuliandika mistari minne. Mei ile ya 2020 kwao ndiko kulikoongoza Marekani nzima kwa maambukizi ya korona ukilinganisha na idadi ya watu, kupita hata New York. Yeye aliendelea kuwapelekea wazee maji, maana unawaambiaje watu wanawe mikono na tanki ni tupu? Akaugua wiki mbili. Dada alikuwa hospitali ileile, jengo jingine. Sisi huku hatukusafiri, hakuna ndege. Matanga yetu yalikuwa simu iliyowekwa juu ya meza, imeegeshwa kwenye kopo la sukari. Ndiyo maana mwaka huu dada alipoweza kuja na watoto wote wawili, baba akasema sasa tutamlilia mkwe wangu kama binadamu.

Siku ya kuchukua vijitabu nilikwenda na yule mpwa wangu, mtoto wa chafya. Ana miaka 11 sasa. Kijana wa kompyuta alimwona, akamlinganisha na mkono mdogo kwenye kavala, akamwuliza kama ni yeye. Mpwa akaitikia kwa kichwa. Kijana akafungua ukurasa wa 2, akamwonyesha ule mstari wa i yenye mkia na kofia, akasema, "Nimeuandika siku mbili lakini sijui unasikikaje. Unaweza kunisomea?"

Hapa lazima nieleze kitu. Kwa kuwa kwao ukoo ni wa mama, na mama yao ni wa Magu, watoto hawa hawana ukoo wa kwanza wa Kinavajo. Ndugu wengine huko walimwuliza shemeji, sasa hawa watajitambulishaje? Akasema kuna ukoo unaitwa Sukuma, ni mkubwa sana, una mamilioni ya watu, uko ukingoni mwa maji. Akawafundisha hivyo tangu wadogo.

Mpwa wangu akapanda juu ya kile kigoda, sijui kwa nini, labda ndivyo wanavyofanya shuleni kwao. Mama mwenye duka akanyoosha mkono akazima mashine. Ilikuwa mara ya kwanza nasikia lile duka likiwa kimya, tukasikia hata pikipiki za chini. Mpwa akasema, "Sukuma nishłį́," kisha akaendelea na wa baba yake, Tábąąhá, kwa hizo a za puani, polepole, na wa baba yangu, yaani babu yake mzaa mama, na wa babu yake mzaa baba. Akashuka. Kijana akajaribu kurudia, akakosea i, mpwa akamrekebisha. Akakosea tena. Mteja aliyekuja kuchukua kadi za send-off akajaribu naye.

Mama mwenye duka akawasha mashine, akafungua daftari, akafuta 315 akaandika 300.

Wiki iliyofuata nilirudi kuchapisha nakala 20 zaidi, kwa ndugu wa Kisesa na Magu waliokosa. Dakika 40 tu. Herufi zote zilikuwepo. Kijana ameziwekea folda yake, ameiita MAJI.

Nyota nne kati ya tano. Wanafungua saa mbili na nusu asubuhi, Jumamosi mwisho saa nane mchana, Jumapili hakuna. Mpesa wanapokea, ila ongeza na ya kutolea. Nenda na picha halisi, si picha iliyopigwa kutoka kioo cha simu nyingine. Kama unakwenda na mzee, ngazi ya nne kutoka chini imemeguka ukingo, mshike mkono.